Baba, Meli ya Zakaria Imeingia

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini ulivyonilea, mkono wangu haukubali kuandika neno lingine kabla ya hilo. Nimekaa kibarazani kwako huku juu, na ukungu wa asubuhi umeifunika Arusha yote. Huko chini hakuna mji. Hakuna Themi, hakuna Moshono, hakuna Sombetini wala duka langu la saruji na nondo. Kuna weupe tu uliotulia, na vilele vya miti vichache vimechomoza kama milingoti. Ulikuwa ukiupenda ukungu huu kuliko mvua. Ulikuwa ukisimama hapa na kikombe chako cha bati na kusema, "Leo maji yamejaa." Mama anaguna. Ng'ombe wanasubiri majani.

Barua hii nimeiacha wazi, aisome atakayeisoma, kwa sababu huku kwetu mlimani kuna nyumba nyingi zenye kiti cha kijana aliyekwenda mbali, na kuna mabinti wengi wanaokifuta vumbi kiti hicho. Hao watanielewa hata kama wewe hutanielewa.

Kaka Zakaria amekuja, Baba. Nitakueleza amekujaje. Lakini kwanza niache nirudi Tanga, maana bila Tanga mtu hawezi kuelewa kwa nini wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukoo mzima na nikakataa kuketi.

Ninapofumba macho inayokuja kwanza ni harufu. Marobota ya katani, makaa ya mawe, chumvi. Halafu sauti, zile honi nene za meli za moshi zilizokuwa zikitikisa vikombe kabatini. Halafu wewe, juu ya kile kilima kidogo kinachoitazama ghuba, ndani ya kibanda cha mbao chenye dirisha pana, jicho lako kwenye darubini. Kazi yako ilikuwa kuuambia mji nani anaingia na nani anatoka. Meli ikionekana, unapandisha bendera kwenye mlingoti, na huko chini shingo zote zinageuka. Makuli wanamalizia kahawa. Matishari yanafunguliwa kamba, maana meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na mzigo ukaletwa pwani kwa matishari. Wauza maandazi wanajua waongeze unga au wauache. Hata mwalimu wetu, katikati ya somo, alikuwa akichungulia dirishani kuona umetundika rangi gani.

Na ilikuwa kila siku. Hilo ndilo siwezi kuwaeleza wajukuu. Kila siku kulikuwa na chombo kinachofika na chombo kinachoaga. Meli ya barua kutoka Mombasa. Meli za mizigo, matumbo yamezama majini kwa uzito, zikienda na katani yetu tusikokujua. Jioni moja zimejaa ghubani kama ng'ombe waliolala, asubuhi umeamka na ghuba ni tupu, kumebaki mstari wa moshi unaopotea taratibu, na moyo wa mtoto unauliza ni lini ziliondoka bila kuaga.

Ulinifundisha kwamba moshi huja kwanza. Baada ya moshi, bomba. Baada ya bomba, meli yenyewe, ikipanda polepole kana kwamba kuna ngazi chini ya maji. Na inapoondoka ni vilevile kwa kinyume, tumbo linazama, bomba linazama, moshi unabaki. Hapo ndipo ulipopatia jina lako, na najua hulipendi, lakini leo nitalisema. Wiki yako ya kwanza kazini, kijana wa Kimeru aliyeshuka kutoka mlimani, hujawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, ulitazama meli ikitoka, ukaona tumbo linamezwa, ukaona bomba linamezwa, ukashuka kilima mbio huku unapiga kelele, "Imezama! Jamani, imezama! Waokoeni watu!" Sisi wa mlimani tunatazama kutoka juu. Kitu kikienda mbali kinakuwa kidogo, basi, hakiingii chini. Nani angekuambia kwamba baharini kitu kikienda mbali kinashuka? Mkubwa wa bandari alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo makuli walikuita Imezama.

"Mzee Imezama, leo vipi, wamekufa wangapi?"

"Leo utakufa wewe na deni lako la kahawa," unawajibu, huku unapandisha bendera.

Mimi nilikuwa kichwa chako cha hesabu. Zakaria alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, lakini namba zilikuwa zangu. Ukiniambia meli imetoka Mombasa alfajiri, na mwendo wake ni huu, nilikuwa nafumba macho naigawanya bahari.

"Itaingia kabla ya kengele ya mchana, Baba."

"Una uhakika?"

"Labda wasimame njiani kununua samaki."

Ulikuwa ukicheka, unanipa darubini nitazame kidogo, na moshi unatokea pale pale nilipouita. Sijui kama unajua kitu hicho humfanya nini mtoto wa kike. Nilidhani mimi ndiye ninayezileta meli.

Halafu ikaja siku ya Zakaria. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma Ulaya, koti jipya limemzidi mabega, sanduku lake nimelibeba mimi hadi gatini. Tishari likampeleka kwenye meli. Sisi tukapanda kilimani. Mama hakutaka kutazama. Ulipandisha bendera ya kuondoka wewe mwenyewe, kamba ikipita viganjani taratibu kuliko siku zote, na tumbo la meli likazama, na bomba likazama.

Nikakuuliza, "Atarudi lini?"

"Piga hesabu wewe."

Nikapiga. Miaka ya masomo, safari ya kwenda, safari ya kurudi, nikaongeza kidogo ya dharura. Nikakupa jibu kwa sauti ya uhakika kama kawaida yangu, na wewe ukalishika jibu lile. Ndiyo hesabu pekee uliyonipa ambayo haikutoka sawasawa, na ndiyo pekee uliyoiamini maisha yako yote.

Mwaka uliofuata mwalimu alikuja nyumbani kukuomba niendelee na shule. Alisema mtoto huyu akiachwa itakuwa hasara. Ulimsikiliza vizuri, ukampa chai, halafu ukamjibu huku unatazama baharini. "Mmoja yuko majini. Wa pili abaki nchi kavu." Mwalimu akanywa chai yake. Nami nikaenda kuosha vikombe.

Baba, hilo sijalisahau. Nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, vijana wa Sombetini wananiita Mama Nondo na mafundi wanaogopa kunidanganya vipimo. Lakini kuna asubuhi nazinduka nikiwa bado nimesimama karibu na karai la vyombo, vidole vimekunjamana kwa maji, naisikia sauti yako ikimwambia mwalimu abaki nchi kavu, abaki nchi kavu.

Simu za upepo, zile redio za kuongea na meli, zilipofika bandarini, bendera zikakosa kazi, na wewe nazo. Tukapanda gari moshi na vyombo vyetu kurudi huku. Wengine walirudi na cherehani, na baiskeli. Wewe ulirudi na bendera kwenye gunia. Ulikata mgrevilea mmoja mrefu, ukauchimbia hapa mbele ya nyumba, katikati ya migomba, majirani wakidhani ni nguzo ya redio. Kila asubuhi ukasimama ukitazama mashariki. Hakuna bahari, ni tambarare tu na vumbi na huku nyuma Mlima Meru umeinama juu yetu, lakini wewe ulikuwa unaona. Wingu dogo likijitenga kwenye upeo wa macho unasema, "Ule ni moshi." Na siku uliyoamini kwamba ndiyo siku yenyewe, unapandisha bendera ya meli inayotegemewa. Kwa Zakaria. Kila mara kwa Zakaria.

Barua zake zilikuwa zimekatika zamani. Watoto walikuwa wakipita na kukuuliza, "Babu, imefika?" Unawajibu kwa upole, "Bado, iko njiani." Na nitakuwa mkweli, wakati mwingine nami nilikuwa nikisimama nyuma yako, begani mwako, na ukungu ukinipoteza akili, nikaliona bomba.

Lakini mimi nilikuwa nikija kila Jumamosi. Toka nilipoanza kuuza misumari kwa kupima sokoni, toka nikiwa sina hata kibanda, nilikuja. Nilikuja na sukari, nilikuja na dawa za mama, nilikuja na mabati nikabadilisha paa hili ninalokaa chini yake sasa. Hukunipandishia hata kitambaa cha jikoni. Siku moja nilikuuliza, nikijifanya natania.

"Baba, na mimi natoka mbali. Sombetini kuna foleni kuliko Ulaya. Bendera yangu iko wapi?"

Hukucheka. Uliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Bendera ni ya chombo kinachosafiri. Wewe ni gati. Gati linapandishiwa bendera na nani?"

Nilishuka mlima siku ile nimeuma meno. Gati. Kitu cha kukanyagwa. Kitu kinachofungiwa kamba na kuachwa.

Na ulipokuwa ukifa, ulimwita Baba Mdogo, mdogo wako, ukamwapisha mbele ya kitanda. Shamba la hapa nyumbani, kahawa, migomba, nyumba, vyote ni vya Zakaria. Lisigawanywe, lisiuzwe, mpaka arudi. Mimi nilikuwa nimekushika kichwa ili upate kuongea. Niliyasikia maneno yakipita juu ya mkono wangu.

Miaka ikapita. Nguzo yako iliingiwa na mchwa, ikaanguka yenyewe siku ya upepo. Nikaendelea kupalilia shamba la mtu asiyekuwepo. Baba Mdogo akazeeka, na mwaka jana akasema mbele ya ukoo kwamba mavuno ya kahawa yakiisha bila habari ya Zakaria, atalikabidhi kwangu. Nililala vizuri miezi ile, Baba. Nilikuwa nikija hapa natembea kati ya mibuni kama mtu anayetembea ndani ya ndoto yake mwenyewe, nagusa majani, bado naogopa kusema langu.

Halafu, mavuno hayajaisha, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kikiwa kizuri na cha zamani kidogo, kama nguo iliyotunzwa sandukuni.

"Shangazi, ni mimi Rebeka. Binti wa Zakaria. Baba amefariki. Aliomba aletwe nyumbani."

Nilimpokea uwanja wa ndege kwa gari langu la mzigo. Amefanana na mama, na jina la mama ndilo amepewa, kama inavyotakiwa kwetu. Alikuwa na begi moja tu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wote ndio huu? Baba yako yuko wapi, anakuja na ndege nyingine?"

Akalikumbatia begi. "Baba yuko humu."

Kule walikokuwa wanaishi wafu huchomwa, Baba. Mwanao, aliyekuwa mrefu kama mlango, amerudi ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, nami nililipakata njia nzima Rebeka alipopitiwa na usingizi, gia naingiza kwa mkono mmoja. Mlima ulikuwa umejifunua wote siku ile. Nilihisi ninaendesha ndani ya maji.

Alipoamka aliniambia habari zake. Masomo hayakumwendea. Alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini, na aibu ya kurudi bila cheti ikazidi kukua mpaka ikawa kubwa kuliko safari yenyewe. Kila Jumapili alimchukua binti yake kwenda kutazama meli zinazoondoka. Akamfundisha kwamba moshi huja kwanza, ingawa meli za siku hizi hazina moshi wa kutazamwa. Kumbe ninyi wawili mlikuwa mkitazamana muda wote, huyu kwenye ukingo huu na huyu kwenye ukingo ule. Nami nilikuwa katikati, nakata majani ya ng'ombe.

Ukoo ukakaa hapa uwanjani. Unajua utaratibu wetu, mtoto wa kiume anapozikwa ndipo kwake. Zakaria akizikwa hapa, shamba limeshika jina lake na la damu yake. Binamu zangu walinivuta pembeni, nyuma ya zizi.

"Dada, wewe mfanyabiashara, usituangushe. Kataa tu. Majivu si mtu. Asipozikwa, shamba lako."

"Na yeye aende wapi?"

"Arudi alikotoka. Hata hana uzito."

Sitakudanganya kwamba sikutamani. Nilitamani. Nilikaa nalo jambo hilo kama mtu anayepima nondo kwa macho. Halafu wazee wakaanza, na Baba Mdogo akatangulia.

"Majivu ni ya jikoni. Sijawahi kuona mtu wa Kimeru kuzikwa kwenye kopo. Huyu tutamjuaje kama ni yeye?"

Hapo nikasimama.

"Keti, mama. Tutakusikia ukiwa umeketi."

"Nimeketi vya kutosha, Baba Mdogo. Naomba niulize hesabu moja tu. Uliapa mbele ya baba kwamba shamba lingoje mpaka Zakaria arudi. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mkisema huyu si Zakaria, basi Zakaria hajarudi. Na kwa kuwa habari zake zimefika kabla mavuno hayajaisha, kiapo kinaendelea, na mimi sina haki, na ninyi hamna haki, tutangoja mpaka watoto wa watoto wetu wasahau tunamngoja nani. Mkisema ni Zakaria, amerudi, kiapo umekitimiza, uko huru. Mnataka lipi?"

Kuku wakapita katikati ya wazee.

"Amerudi," nikasema. "Mimi ndugu yangu namtambua. Nampa kaburi, na nampa kwa moyo wangu wote. Lakini mtu wa kungojwa amefika, na mahali palipongojewa pana mtu aliyekuwa akipalilia. Kaburi ni lake. Shamba ni langu. Leo nataka mseme kwa midomo yenu, na huyu binti akiwa anasikia."

Binamu mmoja, ambaye hakuwa nasi nyuma ya zizi, akaruka. "Huyo binti ndiye mrithi! Mwulizeni na yeye!"

Baba Mdogo akamgeukia Rebeka. Jibu lake, Baba, lilikuwa na uwezo wa kuninyima kila kitu, tena kwa haki.

"Mimi nimemleta baba," Rebeka akasema. "Sikuja kuchukua kitu. Baba alikuwa akiniambia, maadamu dada yangu yupo, nyumbani kupo. Hakutaja shamba. Alimtaja yeye." Akatazama upande wa jikoni. "Ila mliniahidi chai tangu asubuhi, hata kikombe sijaona."

Wazee wakacheka wote, hata yule binamu. Baba Mdogo alicheka mpaka akafuta macho, na alipomaliza kufuta macho akaendelea kuyafuta. "Kaka yangu alinitwisha mzigo mzito," akasema. "Nautua. Azikwe. Na shamba ni la huyu aliyesimama."

Vijana wachimbaji walilitazama kopo, wakatazama sururu zao. "Mama, si tuchimbe tu shimo la mche wa kahawa? Linatosha na nafasi inabaki."

"Chimbeni la mtu mzima. Futi sita, kuta zinyooke, nitapima."

Wakachimba. Nilipima. Mchungaji alisoma yale yale anayosomea kila mtu, hakupunguza hata neno, na Rebeka alishuka mwenyewe ndani kuliweka kopo katikati ya nafasi kubwa ile. Lilionekana dogo, Baba, dogo kama kitu kinachoonekana kwa mbali sana. Nililia hapo. Sikumlilia Zakaria peke yake. Nilimlilia yule mtoto aliyedhani anazileta meli, na nilikulilia wewe, uliyesimama hapa miaka yote na shingo imegeuka.

Bado nina kinyongo na wewe. Nakuambia ili usidhani majonzi yameniosha. Shule yangu hakuna atakayenirudishia, na lile neno lako la gati nimeligeuza huku na huku usiku huu wote bila kujua kama ulinitukana au ulinipa heshima kubwa kuliko ulizowahi kumpa mtu. Labda hata wewe hukujua. Watu wa bandarini mliangalia mbali sana.

Baada ya maziko walichinja mabeberu wawili. Unazijua nyama zetu zinavyogawanywa, kila mtu na kipande chake tangu enzi na enzi, na kidari ni cha mwenye mji, mkuu wa boma, na katika uwanja huu hakuna mwanamke aliyewahi kukishika ila kukipika. Baba Mdogo alikitenga mwenyewe. Akakiweka juu ya jani la mgomba, akainuka kwa shida, akawapita wanawe, akawapita binamu waliokwisha kunawa, wanawake jikoni wakaacha kukoroga. Akasimama mbele yangu, akainama kidogo, yeye mzee, na akanyoosha mikono yote miwili.

"Mwenye mji, pokea."

Nikapokea. Kilikuwa kigumu, hakikuiva vizuri upande mmoja. Nilikila chote, nimesimama, mbele yao.

Basi, Baba, shuka sasa kutoka hapo ulipo. Waliokuwa majini wameingia wote, na zamu yako imekwisha. Lala.

Ni mimi mwanao wa pili,
mwenye mji.